Mama wa miaka 50 Rulenge: Kliniki imemwacha, ndoa inamdai

MWANAMKE wa Rulenge anapokuwa mjamzito, Serikali inamtambua. Anapewa kadi ya kliniki, anapimwa uzito na shinikizo la damu, na kwa mujibu wa sera ya afya hatakiwi kulipia huduma hizo. Akitimiza miaka 60 anatambuliwa tena, kwani Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu kuwa mzee na kuelekeza kwamba asiye na uwezo atibiwe bila malipo.

Katikati ya vipindi hivyo kuna miaka kumi au zaidi ambayo hedhi inakoma, mwili unabadilika, na kwa wanawake wengi hamu ya tendo la ndoa inapungua au inatoweka kabisa. Kwa miaka hiyo hakuna kadi, hakuna siku ya kliniki, na mara nyingi hakuna hata neno la heshima la kulieleza jambo lenyewe mbele ya tabibu.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya chumbani na hayastahili nafasi gazetini. Lakini yanayoanzia chumbani huishia kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa katekista, katika baraza la usuluhishi wa ndoa na hatimaye mahakamani. Mwanamke wa miaka 52 anayemkwepa mumewe usiku kwa sababu anaumia anaweza kujikuta amepoteza amani ya nyumba, shamba la migomba alilolipalilia kwa miaka 30, na wakati mwingine afya yake.

Rulenge ni mji mdogo katika Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, kwenye nchi ya Washubi, si mbali na mipaka ya Burundi na Rwanda. Biharamulo iko upande wake wa mashariki. Wakazi wa mijini wanaujua mji huo zaidi kutokana na jimbo la Kanisa Katoliki lililobeba jina lake, ambalo mwaka 2008 lilibadilishwa na kuitwa Jimbo la Rulenge-Ngara. Wengine wanaikumbuka wilaya yenyewe kwa habari za wakimbizi. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi na kuifanya Benaco, ndani ya Wilaya ya Ngara, kuwa moja ya kambi kubwa kuliko zote duniani wakati huo.

Mwaka ule ule, mwezi Septemba, mataifa yalikutana Cairo, Misri, katika Mkutano wa Kimataifa wa Idadi ya Watu na Maendeleo. Azimio lililotoka huko lilisema kwamba afya ya uzazi ni pamoja na mtu kuwa na maisha ya kujamiiana yenye kuridhisha na yenye usalama. Halikuweka ukomo wa umri. Aliyekuwa na miaka 20 Rulenge wakati azimio hilo linapitishwa sasa ana zaidi ya miaka 50, na ndiye anayeuliza kama maneno yale yalimhusu.

Mwili unavyobadilika

Kitabibu, mwanamke huhesabiwa kuwa amefikia ukomo wa hedhi pale inapopita miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, pasipo ujauzito au sababu nyingine. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake walio wengi hufikia hatua hiyo wakiwa na umri kati ya miaka 45 na 55. Kinachotokea ni kwamba vifuko vya mayai hupunguza kutengeneza homoni ya estrojeni, ambayo pamoja na kazi nyingine ndiyo inayozifanya kuta za uke ziwe nene, zinyumbuke na ziwe na unyevu.

Estrojeni inapopungua, kuta hizo huwa nyembamba na kavu. Tendo la ndoa huanza kuuma, wakati mwingine huacha michubuko na hata damu kidogo. Maambukizi ya njia ya mkojo huja mara kwa mara. Tofauti na joto la ghafla na jasho la usiku, ambavyo kwa wengi hupungua kadiri miaka inavyokwenda, ukavu huu hauponi wenyewe. Usipotibiwa huelekea kuzidi.

Hapa ndipo penye jambo ambalo waume wengi hawalifahamu. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa kukosa hamu ni mwili kujikinga na maumivu. Mtu aliyeungua mkono kwenye jiko hahitaji kufundishwa kuliogopa jiko. Mwanamke anayejua kwamba kitakachofuata kitamuuma atachelewa jikoni, atalala na wajukuu, atasema kichwa kinagonga. Baada ya miezi kadhaa hamu yenyewe inakuwa imekufa, na hakuna anayekumbuka kwamba yalianza maumivu.

Zipo pia sababu zisizohusiana na homoni. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za sonona hupunguza hamu. Kisukari huchangia. Kwa wanawake waliozaa mara nyingi, kushuka kwa kizazi ni tatizo la kawaida ambalo wengi huliishi kimya kwa miaka, na hakuna mwenye kizazi kilichoshuka atakayefurahia tendo la ndoa. Uchovu nao haupaswi kudharauliwa. Mwanamke wa Rulenge ndiye anayelima maharage na mahindi, anayetunza migomba, anayeanika kahawa, anayechota maji na kuni. Jua linapozama mwili wake unaomba usingizi tu.

Wataalamu wa Australia, wakiongozwa na Profesa Lorraine Dennerstein, waliwafuatilia mamia ya wanawake wa Melbourne kuanzia mwaka 1991 walipokuwa wanaelekea ukomo wa hedhi. Homoni zilionekana kuwa na nafasi yake. Lakini mambo yaliyobeba uzito mkubwa zaidi yalikuwa jinsi maisha ya kujamiiana yalivyokuwa kabla ya hapo, na hisia za mwanamke kwa mwenzi wake. Kwa lugha ya Rulenge, mume aliyekuwa mkali mchana kwa miaka 25 asitarajie kwamba kidonge kitamrudishia mkewe usiku.

Jambo jingine linalosahaulika ni umri wa mume. Mwanamke akiwa na miaka 53, mumewe huenda ana 60 au zaidi, naye ana kisukari au presha, na nguvu zake zimepungua. Kwa kuwa mwanamume hatarajiwi kukiri hilo, lawama huelekezwa upande wa pili wa kitanda.

Takwimu zinakomea miaka 49

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto, ambao wa karibuni ulifanyika mwaka 2022, huwahoji wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Huo ndio utafiti unaoiambia Serikali ni wangapi wanatumia uzazi wa mpango, wangapi wanajifungulia kituoni, wangapi wamepigwa na waume zao. Kuhusu ukomo wa hedhi, utafiti huo hupima tu ni wanawake wangapi wa miaka 30 hadi 49 ambao hedhi yao imeshakoma. Mwanamke akitimiza miaka 50, anatoka kwenye daftari.

Kipimo hicho kina mantiki yake. Kiliwekwa na watu waliotaka kujua kuhusu uzazi, na mwenye miaka 50 hazai. Lakini matokeo yake ni kwamba mipango na bajeti za wilaya zinafuata takwimu, na asiyehesabiwa hapangiwi. Mkoa wa Kagera ulikuwa na watu karibu milioni 3 katika Sensa ya mwaka 2022, na idadi ya wanawake wanaoishi miaka mingi baada ya hedhi kukoma inaongezeka. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 wanawake wenye miaka 50 na zaidi walikuwa asilimia 26 ya wanawake na wasichana wote duniani, kutoka asilimia 22 miaka kumi kabla.

Ili kupata picha ya ukubwa wa tatizo inabidi kutazama mbali. Mwaka 2008 nchini Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusisha wanawake zaidi ya 31,000. Takriban asilimia 39 walisema hamu yao ni ndogo. Lakini walioona kwamba hali hiyo inawasumbua moyoni walikuwa asilimia 10 hivi, na kundi lililosumbuka zaidi lilikuwa la miaka 45 hadi 64.

Tofauti hiyo kati ya 39 na 10 inastahili kutafakariwa na wote wanaotaka kulifanya suala hili kuwa ugonjwa. Mwanamke ambaye hamu imepungua na hana shida nayo si mgonjwa. Wapo waliozaa watoto wanane na ambao ukomo wa hedhi kwao ni likizo waliyoisubiri kwa muda mrefu. Hofu ya mimba imeondoka, na wengine kwa sababu hiyo hiyo hufurahia ndoa kuliko zamani. Wanaohitaji kusaidiwa ni wale wanaoteseka, na wale wanaoumia.

Shangazi, nyumba ya nyasi na wajukuu

Katika nchi za Maziwa Makuu mambo ya ndoa yalikuwa na mwalimu wake, naye alikuwa shangazi. Waganda humwita ssenga, Wanyarwanda na Warundi humwita masenge. Yeye ndiye aliyemwandaa binti kabla ya kuolewa. Mwanasheria na msomi wa Uganda, Sylvia Tamale, ameandika kwa kirefu jinsi taasisi hiyo ya ssenga ilivyohamia mjini Kampala na kuwa kazi ya kulipwa, yenye vipindi vya redio na darasa za ukumbini.

Eneo hili lina historia ambayo wageni huishangaa. Daktari Mnyarwanda, Nsekuye Bizimana, alichapisha mwaka 2010 katika jarida la Sexologies makala kuhusu kunyaza, desturi ya Maziwa Makuu ambayo humtaka mwanamume amwandae mkewe kwa subira na kuhakikisha kwamba naye ameridhika. Katika desturi hiyo, maji ya mwanamke ni fahari ya wote wawili. Ni vigumu kuwaambia watu wenye urithi huo kwamba raha ya mwanamke ni jambo lililoletwa na Wazungu.

Lakini sifa hiyo ina makali pande zote mbili. Pale ambapo unyevu ndio kipimo cha mke mwema, mwanamke aliyekauka kwa sababu ya umri anaonekana ameharibika, au anampenda mwingine, au amerogwa. Shangazi alimfundisha jinsi ya kuanza. Hakumfundisha itakuwaje akifika 50, pengine kwa sababu shangazi mwenyewe hakuambiwa na mtu.

Mahali pengine Afrika mila zilikuwa wazi zaidi. Miongoni mwa Wayoruba wa Nigeria, watafiti John na Pat Caldwell walieleza mwaka 1977 kwamba mwanamke akishakuwa bibi alitarajiwa kuacha kabisa kulala na mumewe, kwani ilikuwa aibu mama na binti yake kuzaa kwa wakati mmoja. Wazo kama hilo, hata pasipo kanuni rasmi, si geni kwa masikio ya Afrika Mashariki. Bibi anayejipamba huulizwa anampambia nani.

Kagera ina sababu yake ya ziada. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walitoka mkoani humo mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata kizazi cha kati kilikatwa, na utafiti wa kaya 915 uliofanyika mkoani humo kati ya 1991 na 1994 ulikuwa miongoni mwa tafiti za kwanza barani kupima kifo cha mtu mzima kinaigharimu nini familia. Waliobaki kulea yatima walikuwa bibi na babu. Wajukuu wanalala ndani, wengine kitanda kimoja na bibi. Mtaalamu wa ndoa kutoka mjini anaweza kuja na ushauri wake kuhusu mishumaa na manukato. Nyumba yenye vyumba viwili na watoto sita ina maswali mengine.

Sheria inasema nini

Katika mashauri ya ndoa, neno linalotumika ni unyumba. Mume hulalamika kwamba ananyimwa unyumba, na wazee wa baraza huelewa mara moja. Mke akisema anaumia, neno hilo halina uzito ule ule, kwa kuwa halina cheti cha daktari.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimpi mume haki ya kumwacha mke kwa sababu hedhi imekoma. Kwa mujibu wa sheria hiyo talaka hutolewa na mahakama pale tu inaporidhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na kabla ya hapo shauri linatakiwa kupita katika baraza la usuluhishi. Kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inaruhusu.

Kwa Wakristo waliofunga ndoa kanisani, ambao ni wengi Rulenge, sheria hiyo hiyo inazuia ndoa ya mke mmoja kugeuzwa kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wanaendelea kuwa Wakristo. Kinachotokea ni kile ambacho kila mtu mtaani anakijua kwa jina la nyumba ndogo. Mke mkubwa anabaki na pete na jina. Mazao ya kahawa yanakwenda kwingine.

Ikifika mwisho, mwanamke anayefukuzwa baada ya miaka 30 haondoki mikono mitupu kisheria. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Uamuzi huo umekuwa ngao ya wanawake wengi. Tatizo ni umbali kati ya Mahakama ya Rufani na shamba la migomba.

Lipo eneo moja ambalo sheria ni dhaifu, na udhaifu huo unamgusa moja kwa moja mwanamke huyu. Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inamtambua mke kuwa amebakwa na mumewe pale tu wanapokuwa wametengana. Anayeishi chini ya paa moja na mumewe, akilazimishwa huku akitokwa damu, hana kosa la kubakwa la kuliripoti polisi. Anaweza kuripoti shambulio au majeraha, ikiwa atapata ujasiri wa kueleza yalipo.

Kanisa na Sara

Rulenge ni nchi ya Kanisa, na ni kosa kudhani kwamba Kanisa liko upande wa ukimya. Barua ya Papa Paulo VI ya mwaka 1968, Humanae Vitae, inayojulikana zaidi kwa kukataza vidonge vya uzazi wa mpango, inasema pia kwamba tendo la ndoa linabaki kuwa halali hata pale linapojulikana kuwa haliwezi kuzaa kwa sababu zisizotokana na hiari ya wanandoa. Wenye umri mkubwa wamo humo.

Biblia nayo haikuona haya. Katika sura ya 18 ya Mwanzo, Sara aliyekwisha kukoma desturi ya wanawake anacheka kimoyomoyo na kujiuliza kama atapata furaha tena, hali yeye na bwana wake ni wazee. Na waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, ambao waume hupenda kuunukuu wakidai haki yao, unatoa haki kwa pande zote mbili na unataka makubaliano. Nusu hiyo ya pili husomwa kwa sauti ndogo.

Biashara ya kukata tamaa

Pasipokuwa na tabibu wa kuuliza, wapo wauzaji. Standi za mabasi, minada na redio zimejaa dawa za kurudisha ujana. Baadhi ya wanawake huweka ukeni shabu, tumbaku au majani yaliyosagwa ili kubana na kukausha, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha kinachohitajika. Ukuta uliokwisha kuwa mwembamba unachubuka zaidi, na michubuko ni mlango wa maambukizi.

Mlango huo si wa kubuni. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022-2023, ambao tofauti na ule wa uzazi haukukomea miaka 49, ulikuta maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wa miaka 15 na zaidi nchini. Mama aliyekoma hedhi haoni haja ya kondomu kwa kuwa hashiki mimba, mumewe ana nyumba ndogo, na ngozi ya ndani imekuwa laini kupasuka. Mambo hayo matatu yakikutana katika mkoa kama Kagera, kampeni zinazowalenga vijana peke yao zinaacha pengo.

Upande wa dawa halisi historia yenyewe haina usawa. Viagra iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Dawa ya kwanza ya hamu ya wanawake, flibanserini, iliidhinishwa huko mwaka 2015, miaka 17 baadaye, tena kwa wale tu ambao hedhi yao haijakoma. Mwaka 2019 jopo la vyama vya kitaalamu vya kimataifa lilikubaliana kwamba testosteroni kwa kipimo kidogo inaweza kumsaidia mwanamke aliyekoma hedhi ambaye ukosefu wa hamu unamsumbua, baada ya sababu nyingine kuchunguzwa. Hayo yote yako mbali na Rulenge, na pengine si hasara kubwa, kwani kinachohitajika kwa walio wengi ni cha bei nafuu zaidi.

Tiba ya homoni yenyewe iliingia doa Julai 2002, pale utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusisha wanawake 16,608 uliposimamishwa baada ya kuonekana ongezeko la saratani ya matiti. Ongezeko hilo lilikuwa wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, na washiriki walikuwa na wastani wa umri wa miaka 63. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba kwa wanawake wenye afya walio chini ya miaka 60, au ambao haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huzidi hatari. Novemba 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kuondoa maonyo makali yaliyokuwa yakiwekwa kwenye dawa hizo. Krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, ambayo huingia mwilini kwa kiwango kidogo sana, ilikuwa imebebeshwa hofu isiyo yake kwa zaidi ya miaka 20.

Yanayowezekana zahanati

Si kila kitu kinahitaji daktari bingwa. Vilainishi vya asili ya maji hupunguza maumivu usiku ule ule, na havidhoofishi kondomu kama yanavyofanya mafuta ya kupaka na jeli ya petroli. Muuguzi anaweza kuangalia kama dawa ya presha ndiyo yenye lawama. Anaweza kupima kama kizazi kimeshuka. Anaweza kumwita mume na kumweleza, mbele ya mkewe, kwamba hakuna aliyemloga mtu na kwamba subira ambayo babu zake waliisifu ilikuwa tiba.

Juu ya yote anaweza kuuliza kuhusu damu. Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi akiona damu, iwe baada ya tendo la ndoa au bila sababu, anatakiwa achunguzwe bila kuchelewa, kwa sababu inaweza kuwa dalili ya saratani ya shingo ya kizazi au ya mfuko wa uzazi. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Anayeona aibu kusema kwamba anaumia kitandani hatasema pia kwamba anatokwa damu, na kwa njia hiyo aibu moja huficha nyingine hadi Bugando au Ocean Road, ugonjwa ukiwa umesambaa.

Wilaya ya Ngara ina hospitali za madhehebu, ikiwamo ya Kanisa Katoliki Rulenge na ya Kanisa la Anglikana Murgwanza, pamoja na vituo vya Serikali. Hakuna jengo jipya linalohitajika ili swali moja liongezwe kwenye orodha ya maswali anayoulizwa mama wa miaka 50 anapokuja kupima presha. Linahitajika agizo, mafunzo ya siku chache, na chumba chenye mlango unaofungwa.

Gharama ndiyo iliyobaki kuwa kitendawili. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kitakachoamua maisha ya mama huyu si sheria yenyewe bali orodha ya huduma na dawa zinazolipiwa. Krimu ya estrojeni na chupa ya kilainishi visipokuwamo, mwenye miaka 50 hadi 59 ataendelea kulipa mfukoni, kwa fedha ambazo mara nyingi zinashikwa na mumewe, kwa tatizo ambalo hathubutu kumtajia.

Siku ya Ukomo wa Hedhi Duniani huadhimishwa kila Oktoba 18. Ngara, wakati huo wa mwaka mvua za vuli huwa zimeanza, na wanawake wanaohusika wako shambani wakipanda maharage.